Miche Iliyozikwa na Viriba Vyake

"Hivi Mama Miche, mti ukifa, nani huichunguza maiti yake?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu, fundi cherehani, mwaka jana, siku tuliyopita chini ya kilima tukaiona miche elfu arobaini imekauka mistari kwa mistari, kama wanafunzi waliosahauliwa kwenye paredi. Nilimcheka. Nikamwambia, "Mti hauchunguzwi, dada. Mti ukifa ni kuni."

Nilikosea, msomaji wangu. Na jibu la swali lile ndilo nililokuwa nimelibeba kikapuni pale tulipoachana wiki iliyopita.

Unakumbuka tulivyoachana? Ukumbi wa halmashauri umejaa mpaka madirishani. Kamati ya Ardhi na Mazingira imekaa kwenye meza ndefu, na kura itapigwa kabla ya saa sita mchana: kilima chetu kibaki ardhi ya umma, au kifutwe kwenye orodha na kukabidhiwa mwekezaji pamoja na chemchemi inayoinywesha kata nzima. Mheshimiwa, mbunge wetu, amekwisha kunyanyua karatasi yenye sahihi yangu. Amesema: "Mama wa kitaluni mwenyewe ametia sahihi kwamba miche ilitoka kwake ikiwa mizima. Basi kilichoiua ni udongo. Kilima hiki hakitaki miti, ndugu zangu. Tukilazimishe?" Makamu mwenyekiti ameniuliza kama nina neno. Nimesimama. Nimeushika mpini wa kikapu.

Na mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, Msimamizi wa upandaji wa kilima kile, ameuweka mkono wake juu ya wangu na kuninong'oneza:

"Mama, ukikifungua hicho kikapu, umenifunga mimi."

Mkono wa mkwe si kitu cha kuchezea. Miaka sita ya ndoa yao, kijana yule hakuwahi kunigusa hata kidole. Akinisalimu huinama na kutazama viatu vyake. Leo alinishika mbele ya ukumbi mzima, na kiganja chake kilikuwa cha baridi kama chupa ya maji.

"Baba," nilimwambia polepole, "toa mkono."

"Nakuomba, Mama. Mwanao ana mimba ya miezi saba."

"Najua. Ndiyo maana nauliza, huyo mjukuu wangu atakunywa maji gani?"

Alitoa mkono.

"Kaa tu, mama yangu, kaa!" Mheshimiwa alipaza sauti kutoka mbele, meno yote nje. "Uzee nao una haki yake. Hicho kikapu kina nini? Umetuletea mboga?"

Watu wake wa mstari wa mbele wakacheka. Wanalipwa kofia na fulana kwa kazi hiyo.

"Kina cha kwako!" jirani yangu fundi cherehani alijibu kutoka nyuma. "Subiri ugawiwe!"

Makamu aligonga meza kwa kalamu. Ni mwanamke mwembamba, mwenye miwani ya kamba, aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu, na bado anatazama watu kama anayesubiri waonyeshe njia waliyopitia kupata jibu. Siku ile alikuwa kwenye kiti cha mwenyekiti kwa sababu moja tu: mwenyekiti halali wa kamati ni Mheshimiwa mwenyewe, na kilima kiko jimboni kwake, kwa hiyo sheria ilimwondoa kitini kwa saa chache. Kwa saa chache tu. Alihamia kiti cha pembeni akakaa kama mwenye nyumba aliyempisha mgeni.

Kwa uliyeanza kusoma leo, acha nikuambie mtu huyu ni nani. Sitachelewa, hana mengi.

Alianza maisha kwa kumshikia mwavuli mbunge wa zamani. Huko alijifunza kwamba anayeshika mwavuli ndiye anayeamua nani alowe. Akawa diwani. Akawa mbunge, mihula minne sasa. Miaka kumi na mmoja ameikalia Kamati ya Ardhi na Mazingira kama kuku anayeatamia mayai ya jirani. Bajeti ya mazingira haijawahi kupita bila yeye kuikoholea kwanza. Bwawa la bata likawa kituo cha mafuta. Bustani ya hospitali ikawa maegesho. Msitu wa shule ya msingi ukapata ukuta, kisha geti, kisha mbwa. Kila mahali alipokata utepe palikuwa pa kijani asubuhi na pa saruji jioni. Ndiyo maana huku kwetu jina lake ni Mheshimiwa Utepe, ingawa hakuna anayemwita hivyo akiwa karibu.

Na kila mwaka hupanda mti. Lazima. Mbele ya jengo hili hili la halmashauri, penye nyasi, kuna shimo lake. Sisi wa kitaluni tunalijua. Huja, hupanda, hupigwa picha, huondoka. Na baada ya miezi mitatu, mche ukifa kwa kukosa maji, tunalizibua shimo lile lile kwa ajili ya mwaka unaofuata. Shimo lile limepandwa miti kumi na mmoja na halina mti hata mmoja.

Sasa turudi ukumbini.

Nilisema kimoyomoyo, Mola nishike mkono, na nikaenda mbele. Nikakiweka kikapu juu ya meza. Nikafunua kanga. Nikatoa mche mmoja mkavu, mrefu kama mkono wangu, wenye udongo wake wote.

"Unachafua kitambaa cha meza!" Mheshimiwa alisema.

"Si uchafu, Mheshimiwa. Ni udongo wako unaousingizia."

Makamu alishusha miwani. "Mama, eleza. Hiki ni nini?"

"Ni mche mmoja katika wale elfu arobaini. Nimepenya uzio wa kilima Jumamosi nikauchimba kwa mkono wangu, baada ya swala ya asubuhi. Mheshimiwa Makamu, ona hapa chini. Unaona nini?"

Aliinama. Wajumbe wengine nane wakainama naye.

"Plastiki," alisema.

"Ni kiriba. Ule mfuko mweusi tunaokuzia mche kitaluni. Mche ukikua huhamishwa shambani, na kazi ya kwanza kabla ya kuutia shimoni ni kuuvua kiriba. Unakipasua kwa wembe, unakitupa, mizizi inagusana na ardhi. Hata mtoto wa kitaluni anajua. Mche ukiuzika na kiriba chake, ni sawa na kumfunga mtu mdomo ukamwekea chakula mbele."

Nilitoa wembe wangu mfukoni, ule niliozoea, nikapasua. Mfuko ukafunguka. Ndani, mizizi ilikuwa imejizungusha na kujizungusha na kujizungusha, kama bonge la uzi, ikitafuta mlango usiokuwapo.

Wakulima walikuwa wengi mle ndani. Hawakuhitaji kufafanuliwa.

"Umechimba huu mmoja tu?" Makamu aliuliza.

"Thelathini na saba. Mgongo ukagoma."

"Na yote?"

"Yote imevaa."

Kuna mtu nyuma alisema, "Lahaula!" na mwingine akasonya kwa urefu wa treni. Mimi nilimtazama mkwe wangu. Alikuwa amekaa, kichwa kati ya magoti.

Lakini Utepe si mtu wa kuangushwa na mche mmoja. Aliinuka taratibu. Akafunga kifungo cha koti. Akacheka kicheko cha msibani, kile cha kumheshimu marehemu.

"Ndugu wajumbe. Mimi namheshimu sana mama huyu. Mjane. Mcha Mungu. Lakini nauliza swali dogo tu. Nani alimwona akichimba? Hakuna. Kitaluni kwake viriba vimejaa tele. Ukichukua mche mkavu ukauchomeka kwenye kiriba, ukaushindilia udongo, unapata nini? Unapata hiki hapa. Elimu yake ni ya darasa la saba, lakini hila haihitaji cheti."

Watu wa fulana wakapiga makofi.

"Tena," aliendelea, "aseme kuna faida gani kwake. Amezoea kuwa malkia wa miche. Kilima kikifutwa, kitalu kinafungwa. Anatetea ajira yake, basi. Tusimlaumu. Tumsamehe, na tupige kura."

Wajumbe wawili wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akatazama saa. Niliona kabisa jambo langu linavyoteleza, kama sabuni kwenye beseni.

Makamu alinigeukia. "Mama, kuna shahidi yeyote kwamba miche ilipandwa hivyo siku ile?"

Shahidi. Siku ile mimi sikuwapo. Wiki ile ya uzinduzi nilikuwa hospitali nimekaa kwenye benchi la mbao, na marehemu mume wangu, aliyekuwa mlinzi wa geti la kilima miaka ishirini na mbili, alikuwa akihesabu pumzi zake za mwisho upande wa pili wa ukuta. Nani ningemtaja? Vibarua walitoka mbali, walilipwa kwa siku, wametawanyika.

Niliinua macho ili nipate pa kuyaweka, maana machozi yalikuwa karibu na sikutaka Utepe ayaone.

Na Mungu hamfichi mnafiki.

Ukutani, juu ya kichwa cha Makamu, palikuwa na kalenda. Kila ofisi ya jimbo hili inayo. Kila duka, kila kinyozi. Mheshimiwa huzigawa kila mwaka, zina picha yake na maneno makubwa ya kijani: MLEZI WA MAZINGIRA. Picha ni ile ile tangu siku ya uzinduzi wa kilima, maana anajipenda mno ndani yake. Amechuchumaa. Amevaa suti na glavu nyeupe. Ameushika mche juu ya shimo na anaitazama kamera kama bwana harusi.

Mimi kalenda ile nimeipita mara elfu. Kila mara nimemtazama yeye usoni, kwa hasira. Sikuwahi kuutazama mche.

"Shahidi ninaye," nilisema.

"Nani?"

"Yule pale ukutani."

Vichwa vyote viligeuka. Makamu aligeuka na kiti chake.

"Mheshimiwa," nilimuuliza, "yule bwana mwenye glavu ni nani?"

"Ni mimi. Kila mtu anajua ni mimi."

"Na alichoshika ni nini?"

"Mche, mama! Umepofuka?"

"Na chini ya mche, pale panapong'aa weusi, ni nini?"

Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Hapo ndipo jirani yangu, ambaye macho yake hupitisha uzi kwenye sindano bila miwani, alipopiga ukelele:

"Haki ya Mungu! Yeye kavaa glavu na mche umevaa kiriba!"

Kicheko kilichofuata kilitikisa feni za darini. Tena ubaya wa kalenda ni kwamba asubuhi ile ile Mheshimiwa alikuwa amemgawia kila mjumbe nakala yake, mpya, yenye harufu ya wino. Walizifungua mezani. Wakazisogeza karibu na macho. Mzee mmoja wa kamati, ambaye siku zote husinzia, aliweka kidole juu ya picha na kusema, "Ndiyo. Ndiyo. Na mshono wa kiriba unaonekana."

Makamu aliniuliza, "Iweje, mama? Mtu aliyepanda miti miaka yote hii?"

"Hajawahi kuupanda hata mmoja, mwanangu. Miaka yote mimi ndiye ninayemvulia kiriba. Namtayarishia mche ndani ya beseni, umekwisha kuvuliwa, kama mtoto anavyomenyewa yai. Yeye kazi yake ni kuushusha tu. Siku ya kilima mimi sikuwapo. Akapewa mche na nguo zake, akauzika na nguo zake. Hakujua kama zinavuliwa."

Sasa, msomaji wangu, shika kiti.

Mtu mwenye akili angesema: nilikosea, mimi si mkulima, mnisamehe. Watu wangecheka siku mbili, basi. Kilima kingepona, na yeye angepona. Lakini Utepe ni mtu ambaye mtu akimwita mwizi hutabasamu, na akimwita mjinga hupandwa na mori. Watu walikuwa bado wanacheka. Jirani yangu alikuwa anaigiza jinsi alivyochuchumaa. Niliona mishipa ya shingo yake ikijaa juu ya kola.

"Nyamazeni!" alinguruma. "Mimi? Mimi nisijue kiriba? Nimelelewa shambani mimi! Najua kiriba tangu hamjazaliwa! Najua vizuri kabisa kwamba mche ukipandwa na kiriba unakufa! Msinifanye mimi mjinga!"

Kicheko kikakatika kama umeme.

Makamu aliweka kalamu chini. Akaisawazisha na ukingo wa meza.

"Karani. Umeandika hilo?"

"Neno kwa neno, Mheshimiwa Makamu."

"Vizuri. Mheshimiwa, nisaidie na hesabu hii. Picha inasema ulipanda na kiriba. Wewe unasema ulijua kwamba mche ukipandwa hivyo unakufa. Na leo umekuja kutuambia kwamba, kwa kuwa miche imekufa, kilima kifutwe. Sasa chagua jibu moja. Ulikuwa hujui, au ulikuwa unajua?"

Maisha yake yote mtu yule amekuwa na milango miwili, wa mbele wa kuingilia na kamera, wa nyuma wa kutokea na hati za viwanja. Leo yote miwili ilikuwa na kufuli. Ajiite mjinga, au ajiite mwizi. Nilimwona akizipima aibu hizo mbili kama mtu anayechagua viatu.

Na unajua alichagua nini? Alichagua kiatu cha mtu mwingine.

"Msimamizi!" Alinyoosha kidole. "Yule pale! Yeye ndiye aliyenikabidhi mche. Yeye ndiye aliyepanda elfu arobaini. Mimi nilipanda mmoja. Mmoja! Hii mingine niliipanda mimi? Muulizeni yeye! Na mjue huyo ni mkwe wa huyu mama. Ni njama ya familia!"

Hiki ndicho alichokuwa akikiogopa yule kijana. Nami ndiye niliyekifungua kikapu.

"Msimamizi, simama," Makamu alisema.

Mkwe wangu alisimama. Ni kijana mrefu, lakini siku ile alionekana kama aliyekunjwa kuwekwa kabatini.

"Ni kweli ulimkabidhi mche?"

"Ni kweli."

"Ukiwa na kiriba?"

"Ndiyo. Nilidhani atasubiri niupasue, wembe nilikuwa nao mkononi. Hakusubiri. Aliushusha moja kwa moja. Nikainama nikasema, 'Mheshimiwa, kiriba.' Mpambe wake akanikanyaga mguu. Akaniambia, 'Mkubwa hakosolewi mbele ya kamera.'"

"Na ile mingine? Elfu thelathini na tisa na mia tisa tisini na tisa?"

Kijana alitazama viatu vyake.

"Vibarua walianza kuvua viriba kama kawaida. Mpambe akarudi. Akasema picha zitatoka gazetini. Watu wataona vibarua wamevua na Mheshimiwa hakuvua, mkubwa ataaibika. Akasema mimi kazi yangu ni mpya, niilinde. Nikawaambia vibarua, pandeni kama Mheshimiwa alivyopanda."

"Na wakapanda?"

"Wakapanda. Mzee mmoja alikataa. Alilaza jembe chini akasema yeye haziki vilivyo hai. Akaondoka bila ujira wake."

Hakuna aliyecheka tena. Elfu arobaini. Kwa sababu ya adabu. Kwa sababu mtu mzima mwenye wembe mkononi aliogopa kumwambia mtu mzima mwenye glavu, vua. Nilimtazama mume wa mwanangu, na sikujua kama ninachokisikia kifuani ni huruma au dharau. Vilikuwa vyote viwili, na vilikuwa vimekaa kiti kimoja.

"Uongo!" Mheshimiwa alisema. "Ushahidi uko wapi? Kalenda? Mche mmoja ndani ya kikapu cha bibi?"

"Hilo nakubaliana nawe," Makamu alisema, na nikashtuka. Akasimama. "Kamati haipigi kura kwa kikapu. Kamati itakwenda kilimani. Sasa hivi. Tutachimba wenyewe, miche kumi, tutakayoichagua sisi. Tukikuta viriba, kilima kinabaki ardhi ya umma, na maneno yaliyoandikwa na karani leo yanakwenda kwa wachunguzi. Tusipokuta, tutapiga kura kama ulivyoomba. Magari yako nje."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Jirani yangu alinirukia shingoni. "Mama Miche! Maiti inachunguzwa! Nilikuuliza mimi, nilikuuliza!"

Nilimshukuru Mola palepale, kwa sauti. Nilijua kilichomo ndani ya ardhi ile. Achimbe yeyote, achimbe popote, atakuta. Hakuna namna ya kukosa kukuta.

Lakini macho yangu yamezoea kitalu. Ukilea miche unajifunza kuona jani linalojikunja kabla halijanyauka. Na nilipomtazama Mheshimiwa, hakuwa amejikunja.

Alikuwa amekaa. Uso umemrudia rangi. Alimimina maji kwenye glasi, akanywa kidogo kidogo, kama mtu aliye kibarazani kwake. Mtu anayeogopa hanywi maji hivyo.

"Nendeni tu," alisema kwa upole. "Mimi sina pingamizi. Chimbeni mpaka mchoke." Kisha akavuta mkono wa koti na kutazama saa.

"Tunahitaji ufunguo wa geti la kilima," karani alisema. "Nani anao?"

"Msimamizi anao," nilijibu. "Ulikuwa wa marehemu mume wangu. Aliufunga uzi mwekundu ili asiupoteze gizani. Alipofariki, mkwe wangu ndiye aliyekabidhiwa." Nikamgeukia kijana. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilimtabasamia, maana nilitaka ajue kwamba bado ni mwanangu. "Baba, leta ufunguo. Twende tukamalize jambo hili."

Hakunitazama. Aliingiza mkono mfukoni polepole sana. Akatoa shada la funguo. Akalilaza mezani mbele yangu, karibu na ule mche mkavu.

Nilizitazama. Ufunguo wa stoo. Ufunguo wa tangi la maji. Ufunguo wa ofisi ya kitalu.

Nilizigeuza. Nikazigeuza tena.

Wenye uzi mwekundu haukuwapo.

"Baba," nilisema. "Uko wapi?"

Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka pale huonekana kilima chote, kuanzia geti mpaka chemchemi. Jirani yangu ndiye aliyegeuka kwanza, akanishika bega kwa kucha. Juu ya mistari ya miche yetu iliyokufa, vumbi jekundu lilikuwa linapanda mbinguni kama moshi, na ndani ya vumbi kulikuwa na kitu cha njano, kikubwa, kinachokwenda na kurudi, kinachokwenda na kurudi, kikifagia ushahidi wote. Muungurumo wake ulitufikia baadaye kidogo.

Tingatinga halipiti juu ya geti. Geti lile hufunguliwa kwa ufunguo mmoja tu.

"Umempa nani?" nilimuuliza. "Mwanangu, umempa lini?"

Mkwe wangu aliinua uso. Alinitazama mimi machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akamtazama Mheshimiwa, aliyekuwa bado anatazama saa. Kisha akauvuka ukumbi, watu wakimpisha kushoto na kulia, akausukuma mlango, akatoka.